Kabla ya kung'oa gego, pimeni taya

Ndugu Mhariri,

Mtu anayeumwa mbele ya sikio huanzia duka la dawa, akauziwa dawa ya matone. Isipomfaa hurudi, akapewa antibiotiki. Nazo zikishindwa huenda kwenye meno, na kwa kuwa maumivu yanashuka hadi kwenye magego, gego moja hung'olewa. Ganzi ikiisha maumivu yako palepale, na sasa gego la jirani ndilo linaloshukiwa. Hatuandiki kumsuta mtu. Tunaandika kwa sababu njia hii imezoeleka mno, na uchunguzi wa taya ambao ungemwokoa mgonjwa hauhitaji mashine yoyote. Unahitaji rula ya mwanafunzi, vidole viwili na dakika kumi za kumsikiliza.

Msomaji anaweza kukipapasa kiungo chenyewe cha taya sasa hivi. Weka ncha za vidole mbele kidogo ya matundu ya masikio, kisha fumbua na ufumbe kinywa polepole. Kinachocheza chini ya vidole ni vichwa viwili vya taya la chini, kila kimoja kikiwa ndani ya kibonde cha mfupa wa fuvu. Kati ya kichwa na kibonde kuna kisahani chembamba, kigumu kama gegedu. Kinywa kinapoanza kufunguka, kichwa huzunguka mahali pake kama bawaba, na mwanya kati ya meno ya mbele hufikia milimita 20 hadi 25. Zaidi ya hapo kichwa huteleza mbele na kushuka kwenye mteremko wa mfupa, kikibeba kisahani chake. Na kwa kuwa vichwa vyote viwili ni vya mfupa mmoja, cha kulia hakiendi popote bila cha kushoto kuguswa.

Kisahani kikihama na kukaa mbele ya mahali pake, kichwa hukirukia wakati wa kufumbua, na hapo mlio wa "ta" husikika. Mlio peke yake si ugonjwa. Picha za MRI za watu wasioumwa chochote zimeonyesha kisahani kilichohama kwa takriban mtu mmoja kati ya watatu. Taya linalolia bila kuuma na bila kukwama liachwe lilie. Tunalikazia hili kwa sababu mlio usiodhuru umetibiwa kwa gharama kubwa, na wapo waliotoka na maumivu ambayo hawakuingia nayo.

Tena, sehemu kubwa ya maumivu yanayoitwa ya kiungo cha taya hayatoki kwenye kiungo. Hutoka kwenye misuli ya kutafunia, hasa ule mnene wa shavuni unaotuna ukibana meno, na ule wa panjani uliotandaa kama upepeo. Misuli hii ina tabia ya kupeleka maumivu mbali. Wa shavuni ukichoka, mgonjwa huyasikia kwenye magego ya juu au ya chini, au ndani kabisa ya sikio. Wa panjani huyapeleka kwenye meno ya juu na kichwani. Mgonjwa hasemi uongo anapoonyesha gego kwa kidole, maana pale ndipo anaposikia maumivu. Ni kazi ya mchunguzi kujua kwamba mahali panapouma na mahali maumivu yanapotoka ni vitu viwili.

Sasa uchunguzi. Vigezo vya kutambua matatizo ya kiungo cha taya na misuli yake vinavyotumika katika nchi nyingi vilichapishwa mwaka 2014 na hujulikana kwa kifupi kama DC/TMD. Vinaanza na swali jepesi: je, maumivu hubadilika unapotafuna, unapopiga miayo au unapobana meno? Kama taya linafanya kazi yake yote na maumivu hayabadiliki hata kidogo, chanzo kitafutwe kwingine kabla ya kulilaumu taya.

Kisha kinywa kipimwe mara tatu. Kwanza mgonjwa afumbue hadi pale maumivu yanapotaka kuanza, upime kwa rula kutoka ncha ya jino la mbele la juu hadi ncha ya la chini. Pili afumbue hadi mwisho hata kama inauma. Tatu mpimaji aweke kidole gumba kwenye meno ya mbele ya juu na cha kati kwenye ya chini, vidole vikipishana kama mkasi, asukume taratibu na kupima tena. Kwenye kila kipimo ongeza milimita ambazo meno ya juu huyafunika ya chini kinywa kikiwa kimefumbwa. Hili husahaulika sana, na mtu ambaye meno yake ya juu yamefunika mno huandikwa kuwa amebanwa taya kumbe hakubanwa.

Watu wazima wengi hufika kati ya milimita 40 na 55, yaani vidole vitatu vya mtu mwenyewe vikiwa vimepangwa wima. Lakini namba moja haitoshi, tofauti kati ya kipimo cha pili na cha tatu ndiyo inayosema zaidi. Taya likisukumwa likaongezeka milimita kadhaa huku likinyumbuka kama mpira, kizuizi kwa kawaida ni misuli. Likigoma kabisa, kama mlango uliokutana na kabari, kipimo kikawa chini ya milimita 40 na kidevu kikapinda kuelekea upande unaouma, huenda kisahani kimeziba njia. Mtu wa namna hii mara nyingi hukumbuka kwamba taya lake lilikuwa likilia kwa miezi, kisha siku moja mlio ukakoma na kinywa kikagoma kufunguka. Kunyamaza kwa mlio kusimfurahishe mtu kabla ya kupimwa.

Baada ya rula, vidole. Bonyeza msuli wa shavuni na wa panjani kwa nguvu ya kilo 1, na juu ya kichwa cha kiungo kwa nusu kilo, sekunde mbili kila mahali. Nguvu hiyo hujifunzwa kwa mizani ya jikoni: kandamiza kwa kidole mpaka isome kilo 1, rudia mpaka mkono uzoee. Halafu uliza, "Haya ndiyo maumivu yako, yale uliyokuja nayo?" Swali hili lina uzito kuliko kubonyeza kwenyewe. Karibu kila mtu ataumia akikandamizwa vya kutosha. Kinachohesabika ni maumivu anayoyatambua kuwa ni yake.

Na gego linaloshukiwa? Lina vipimo vyake. Ligongwe kwa mpini wa kioo cha meno, liguswe kwa baridi, lipigwe eksirei ndogo inayoonyesha mzizi. Tobo, usaha kwenye mzizi au ufa vikionekana, basi jino litibiwe kama jino. Shaka ikibaki, weka ganzi kidogo kando ya jino hilo tu. Maumivu yakiisha kabisa, jino lina hatia. Jino likifa ganzi huku maumivu yakiendelea, weka koleo chini. Ampuli moja ya ganzi hutumika hapa, na pengine ndiyo ampuli yenye faida kuliko zote za siku hiyo.

Eksirei kubwa ya mataya yote, ile inayoitwa panorama, inafaa panapokuwa na historia ya ajali, kinywa kuzidi kubana, uvimbe au meno kubadilika yanavyokutana. CT huonyesha mfupa vizuri zaidi, na MRI huonyesha kisahani. Kwa maumivu ya misuli ya kawaida, picha hizi hazibadilishi matibabu, na mgonjwa asiuze mbuzi kwa ajili ya MRI ambayo haitabadilisha atakachofanyiwa.

Kuna mambo ambayo hayapaswi kusubiri. Taya linalokaza pamoja na mwili kukakamaa, hasa baada ya jeraha, ni pepopunda hadi ithibitishwe vinginevyo. Homa, uvimbe chini ya taya na shida ya kumeza ni usaha unaotafuta njia ya koo, na mgonjwa huyo aende hospitali siku hiyohiyo. Maumivu ya taya yanayokuja mtu akipanda ngazi na kutulia akipumzika ni ya kupimwa moyo. Sikio moja kuziba, damu puani na tezi shingoni zisizopungua ni dalili za kumpeleka mgonjwa kwa daktari wa masikio, pua na koo, kwa sababu saratani ya nyuma ya pua nayo hubana taya. Mwenye zaidi ya miaka 50 aliyeanza kuumwa panja, akawa anachoka taya kwa kutafuna kidogo na kuona ukungu, anaweza kupofuka akicheleweshwa.

Kwa wasomaji wa pwani na visiwani tunaongeza hili: kinywa cha mtafuna popoo, iwe ndani ya tambuu au kwenye paketi za kutafuna, kinaweza kubana polepole bila kiungo cha taya kuwa na kosa lolote. Mashavu ndani huwa meupe na magumu, kamba ngumu hupapasika, pilipili huwasha kuliko zamani. Ugonjwa huo ni wa ngozi ya ndani ya kinywa na unaweza kugeuka saratani. Ukimpa mgonjwa huyu mazoezi ya taya bila kumwangalia ndani ya mashavu, unampotezea muda asio nao.

Tukirudi kwa wengi, ambao ni wa misuli au kisahani, tiba ya kwanza ni maelezo. Mtu akishajua kwamba si uvimbe wala jino bovu, na kwamba wengi hupata nafuu kwa wiki chache bila kukatwa wala kuchomwa, hupunguza kubana meno kwa woga. Kisha kazi inaanza nyumbani. Meno ya juu na ya chini hayana sababu ya kugusana isipokuwa wakati wa kutafuna na kumeza. Mkao sahihi ni midomo imefumbwa, meno yameachana, ulimi umetulia kwenye kaakaa. Wagonjwa wengi hawajui kwamba hubana meno mchana kutwa wakiendesha gari, wakishona au wakitazama simu. Kipande cha plasta cha rangi kilichobandikwa pembeni ya usukani, ya cherehani au ya kompyuta huwakumbusha kila wakikiona.

Kwa wiki mbili hivi ale vyakula laini: uji, wali uliolainika, ndizi za kupikwa, samaki, maharage, ugali kwa tonge dogo na mchuzi. Muwa, mahindi ya kuchoma, nyama choma, jojo na miraa vikae kando, na asiendelee kufungua soda au kukata uzi kwa meno. Mtafuna miraa hulifanyisha taya kazi saa kadhaa mfululizo, tena mara nyingi upande mmoja. Dawa yoyote atakayopewa itashindana na saa hizo. Wakati wa miayo aegemeze ngumi chini ya kidevu ili kinywa kisipitilize.

Taulo dogo lililochovywa kwenye maji ya moto na kukamuliwa, likijaribiwa kwanza kwenye kifundo cha mkono, huwekwa shavuni dakika 15 hadi 20, mara tatu au nne kwa siku. Kama ni pigo la jana au leo, tumia barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10, kwa siku mbili za mwanzo. Zoezi la msingi ni hili: ncha ya ulimi ikae kwenye kaakaa nyuma ya meno ya juu, pale inapotua ukitamka "na", kisha fumbua bila ulimi kuachia. Hapo taya huzunguka tu bila kuteleza. Fanya mbele ya kioo ili kidevu kishuke wima. Mara sita, vipindi sita kwa siku. Kosa linaloharibu zoezi hili ni bidii, kwani mtu hulazimisha kinywa mpaka kiungo kivimbe. Mvuto unaobaki baada ya zoezi ukipita dakika chache, umezidisha.

Kwa dawa, mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa za aina hii wala ujauzito anaweza kupewa ibuprofen miligramu 400 mara tatu kwa siku baada ya chakula, kwa siku 5 hadi 7. Inywewe kwa saa zake, maana kuinywa maumivu yakizidi tu huacha uvimbe wa ndani ukiendelea. Kwa maumivu sugu yanayovuruga usingizi, daktari anaweza kuandika amitriptyline miligramu 10 saa moja au mbili kabla ya kulala. Antibiotiki haina kazi hapa.

Splinti, kile kifuniko cha plastiki kinachovaliwa juu ya meno usiku, inahitaji maneno zaidi kwa sababu inauzwa kama tiba ya kila taya. Iliyo sahihi hutengenezwa kwa akriliki ngumu kutokana na kopi za meno ya mgonjwa mwenyewe, hufunika meno yote ya taya moja, ina unene wa takriban milimita 2 kwenye magego, juu ni tambarare, na meno ya taya la pili huigusa yote kwa usawa. Usawa huo huhakikiwa kwa karatasi ya rangi, kisha tena baada ya wiki mbili, kwa sababu misuli ikilegea taya hubadilisha mkao. Inayofunika meno ya mbele peke yake ikivaliwa muda mrefu huacha magego yakue au meno ya mbele yazame, na mgonjwa hujikuta hawezi kufumba meno kama zamani. Hata ile nzuri hulinda meno ya anayesaga usiku kwa hakika kuliko inavyoponya maumivu. Mwongozo wa kimataifa uliochapishwa katika jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2023, kwa maumivu yaliyodumu miezi mitatu au zaidi, uliweka mbele mazoezi ya taya yanayosimamiwa, kunyoosha misuli kwa mikono ya mtaalamu, ushauri wa kisaikolojia na mazoezi ya nyumbani. Splinti haikuwa miongoni mwa vilivyopendekezwa, na zile za kudumu zilikataliwa kwa mkazo. Kwetu hii ni habari njema, kwa sababu mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya mkoa anaweza kufanya mengi ambayo maabara ya meno haiwezi.

Tabia ya kulaumu meno ina historia. Mwaka 1934 James Costen, daktari wa masikio, pua na koo wa St. Louis, Marekani, aliandika kwamba dalili za masikio na maumivu ya uso zilitokana na kupotea kwa magego, taya likapanda na kubana mishipa ya fahamu. Maelezo yake ya anatomia yalikanushwa baadaye, lakini wazo kwamba meno yakirekebishwa taya litapona liliendelea kwa miongo, na meno mazima mengi yakachongwa. Kwenye miaka ya 1980 vipandikizi vyenye plastiki ya Teflon viliwekwa ndani ya viungo vya taya Marekani. Vilisagika, vikala mfupa wa fuvu, na wengi walifanyiwa operesheni juu ya operesheni. Ndiyo maana tunashikilia kwamba kisichoweza kurudishwa kisifanywe mwanzoni: kuchonga meno, kung'oa, kufunga meno waya kwa ajili ya taya, kufungua kiungo. Operesheni zina mahali pake, na hata hapo huanza ile ndogo ya kuosha kiungo kwa sindano mbili na maji ya chumvi ya hospitali.

Hali mbili za ghafla huchanganywa, na kuzichanganya kunaumiza. Taya lililotoka mahali pake halifumbi, kidevu kiko mbele, mate yanadondoka, na shimo hupapasika mbele ya sikio. Taya lililobanwa na kisahani halifumbui. La kwanza husukumwa chini kisha nyuma, la pili huvutwa chini na mbele. Kulirudisha lililotoka, mkalishe mgonjwa kwenye kiti kifupi, kichwa kikiegemea ukuta. Vidole gumba vilivyofungwa shashi huwekwa kwenye ukingo wa mfupa nje ya magego ya chini, vidole vingine vikishika taya kwa nje. Kandamiza chini kwa uthabiti, bila kushtua, mpaka misuli ichoke, kisha sukuma nyuma huku kidevu kikiinuliwa. Upande mmoja baada ya mwingine hurahisisha. Gumba likikaa juu ya magego litang'atwa, kwa sababu taya hurudi kwa kishindo. Zikiwa zimepita saa nyingi, mgonjwa huhitaji dawa ya kulegeza misuli kwanza. Kama kulikuwa na ajali, eksirei itangulie. Baada ya hapo asifumbue zaidi ya vidole viwili kwa wiki mbili au tatu. Na aulizwe dawa anazotumia, kwa maana metoclopramide ya kuzuia kutapika na haloperidol ya magonjwa ya akili huweza kukaza misuli ya taya na kulitoa tena usiku uleule.

Tumewaacha watoto mwisho kwa sababu ndio wanaopoteza zaidi. Mtoto aliyeanguka kutoka kwenye mwembe au baiskeli akapasuka kidevu hushonwa kidevu, na vichwa vya taya vilivyovunjika juu havitazamwi. Damu iliyovia ndani ya kiungo inaweza kugeuka mfupa. Usaha wa sikio ulioachwa bila tiba unaweza kufanya hivyohivyo. Miaka inapita, kinywa kinafunguka kijiko kisipite, taya linagoma kukua, kidevu kinarudi nyuma, mtoto anakoroma na kukosa pumzi usingizini. Operesheni ya kukata mfupa huo hufanywa na madaktari bingwa wa upasuaji wa mataya, Muhimbili ikiwa mojawapo ya mahali, lakini mfupa hurudi kuota kama mtoto hafanyi mazoezi kila siku kwa miezi kadhaa, vijiti bapa vya kushikia ulimi vikipangwa kati ya meno na kuongezwa kimoja kimoja mpaka kufikia angalau milimita 35. Mzazi aambiwe habari ya vijiti kabla ya operesheni.

Tunaomba basi kila kadi ya meno na kila fomu ya mtoto aliyeumia kidevu iwe na mstari mmoja wa ziada: kinywa kinafunguka milimita ngapi leo, na tarehe. Mtoto apimwe tena baada ya wiki moja, mwezi mmoja na miezi sita. Namba ikishuka, apelekwe rufaa wakati mfupa bado ni laini.

Wenu,
Madaktari wa kinywa na meno,
Dar es Salaam